Kilele cha Mawenzi kisisahauliwe katika masomo ya Kilimanjaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nisahihishe jambo lililoandikwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa wanafunzi. Makala hiyo ilieleza kwamba Mlima Kilimanjaro una kilele kimoja chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kwamba kilele hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1889, na kwamba Mawenzi ni kilima kilicho jirani yake. Urefu na mwaka vimeandikwa sawasawa. Kilichonisukuma kushika kalamu ni hayo maneno kuhusu Mawenzi, kwa sababu mwanafunzi akiyameza kama yalivyo atakuwa amepoteza nusu ya jiografia ya mlima huu na sehemu ngumu kuliko zote ya historia ya kuupanda.

Nilifundisha jiografia Rombo, upande wa mashariki wa mlima, kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na kwetu Rombo jambo hili halihitaji kitabu. Mtu wa Machame au Kibosho akisema mlima, anamaanisha Kibo, kile kilele cha mita 5,895, kwa kuwa ndicho anachokiona juu ya migomba yake. Mtoto wa Mashati akitoka nje asubuhi na kutazama magharibi, kinachomkabili kwanza ni magenge meusi ya Mawenzi, yamechongoka kama meno, na Kibo kiko nyuma yake. Jioni jua huzama upande huo huo. Watoto wengi niliowafundisha waliingia kidato cha kwanza wakijua kwa macho yao kwamba milima ni miwili, kisha wakafundishwa na vitabu kwamba ni mmoja, na katika mtihani wakaandika kile ambacho vitabu vilisema.

Ukweli ni kwamba Kilimanjaro ni volkano tatu zilizokua zikashikana. Shira, iliyo magharibi, ndiyo kongwe. Ilianza kulipuka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, kisha ikazama, na leo kimebaki kitako chake kilicho tambarare pamoja na ukingo uliovunjika. Mawenzi kilicho mashariki na Kibo kilicho katikati vilianza baadaye, takribani miaka milioni moja iliyopita. Kati ya Kibo na Mawenzi umelala uwanda mpana wa changarawe na majivu ya volkano, ulio kwenye mwinuko wa mita 4,300 hadi 4,400 hivi, ambao waongoza wageni huuita Tandiko, kwa kuwa umebonyea katikati kama tandiko la mnyama wa kupandwa. Kutoka kilele hadi kilele ni kiasi cha kilomita 11. Mtu aliyewahi kuvuka uwanda huo kwa miguu, upepo ukimpiga na bila mti hata mmoja wa kumkinga, hawezi kukiita Mawenzi kilima kilicho jirani.

Urefu wa Mawenzi ni mita 5,149. Ukiuhesabu Mlima Kenya pamoja na vilele vyake vya Batian na Nelion kuwa kitu kimoja, basi Mawenzi ndicho kilele cha tatu kwa urefu barani Afrika, kikitanguliwa na Kibo na Mlima Kenya peke yake. Kinakizidi kwa mita 40 kilele cha Margherita, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika safu ya Ruwenzori inayogawanywa na Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lau kingesimama peke yake katika nchi nyingine yoyote ya Afrika isipokuwa Kenya, kingekuwa ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya nchi hiyo, na watoto wa huko wangekariri mita zake tangu darasa la tatu. Kimekosa heshima hiyo kwa sababu tu kilizaliwa karibu na ndugu aliyekipita.

Kuhusu sura yake, wazee wa Kichagga wana hadithi ambayo nafikiri ingefaa sana kuchapishwa katika ukurasa wa wanafunzi. Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, na kila mmoja alikuwa na moto wake. Mawenzi akauacha moto wake uzimike, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa. Ukazimika tena, akarudi kuomba, na tena, hata Kibo, aliyekuwa akitwanga ndizi zilizokaushwa, akashikwa na hasira, akamcharaza kwa mchi mpaka kichwa na mabega yake yakapasuka. Ndiyo sababu Mawenzi ana mipasuko mpaka leo, na jina lake katika Kichagga, Kimawenze, lina maana ya kitu kilichovunjika kileleni.

Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu hadithi hii kabla ya kuwafundisha neno volkano, kwa sababu wataalamu wa miamba wanasema jambo linalolingana nayo kwa namna ya kushangaza. Ni kweli moto wa Mawenzi ulizimika kwanza. Volkano hiyo ilikufa zaidi ya miaka 400,000 iliyopita, hali Kibo kiliendelea kumwaga zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, muda mrefu baadaye, na hata leo ndani ya kasoko yake, yaani lile bakuli la juu ya volkano, kwenye shimo la majivu, bado hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Kwa kuwa Mawenzi hakikuongezewa tena zaha mpya ya kukifunika, mvua, barafu na upepo vimekitafuna kwa miaka yote hiyo. Majivu na mawe laini yameondoka, na kilichobaki kimesimama ni kuta nyembamba za mwamba mgumu, yaani zaha iliyopanda ndani ya nyufa za volkano ikagandia humo humo. Kuta hizo ni nyingi mno, na ndizo zinazokipa kilele chetu yale meno yake.

Upande wa mashariki, ambao watalii wengi hawauoni kabisa, mlima umefunguka kama kwato ya farasi. Ukingo wa kasoko ya zamani uliporomoka upande huo, na kutoka kwenye ufa huo yanashuka makorongo mawili makubwa, ambayo ramani huyaita Baranko Kuu na Baranko Ndogo, huku juu yake genge likisimama wima kwa zaidi ya mita elfu moja. Sijapata kuona mahali pengine katika Tanzania ambapo mtu akisimama chini anahisi mdogo kiasi kile. Ukungu huingia humo tangu saa nne asubuhi na kwa kawaida hautoki mpaka jioni, na ni katika mlima huu huu wenye ukungu ambapo ndege ya abiria aina ya Dakota, mali ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iligonga mwezi Mei 1955, wakafa wote waliokuwamo.

Sasa nije kwenye historia ya kupanda, ambayo makala yenu iliifunga kwa sentensi moja.

Mwanajiografia wa Kijerumani Hans Meyer alijaribu Kibo mwaka 1887, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi, lakini vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akakamatwa kabla hata hajaukaribia mlima na akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja kwa mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, ambaye alikuwa mmoja wa wapandaji stadi kuliko wote wa zama zake. Walipokewa na Mangi, yaani chifu, Marealle wa Marangu. Safari hiyo walikuwa wamejifunza kwamba kilichowashinda wengi waliotangulia kilikuwa njaa kama ilivyokuwa barafu, kwa hiyo wakapanga kambi moja juu ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache, ili wao wawili wakishindwa leo wajaribu tena kesho kutwa bila kushuka hadi Marangu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko ya Kibo baada ya kuchonga ngazi katika barafu kwa shoka, nguvu zikawaishia. Wakashuka, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba 1889, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, wakasimama juu kabisa.

Makala nyingi huishia hapo, na yenu pia iliishia hapo. Lakini Meyer na Purtscheller hawakufunga mizigo. Walivuka Tandiko, wakaenda kukijaribu Mawenzi, kilichokuwa kifupi kwa mita zaidi ya 700 kuliko kilele walichokuwa wamekishinda punde tu. Walijaribu zaidi ya mara moja. Mawe yalimeguka mikononi mwao, makorongo yaliwapeleka kwenye kingo zisizo na njia ya kusonga mbele, na ingawa walifika kwenye baadhi ya meno ya pembeni, ncha ya juu kabisa hawakuigusa. Hapa ndipo ninapoona somo la jiografia ambalo ukurasa wenu uliliacha likapita: urefu wa mlima na ugumu wa mlima ni mambo mawili tofauti. Kibo ni kirefu, na kinaua kwa hewa nyepesi na baridi, lakini mtu mwenye mapafu mazima na subira anaweza kukitembelea kwa miguu yake tu. Mawenzi kinadai mikono, kamba, na macho yanayojua jiwe lipi limeshikamana na lipi linasubiri kuguswa.

Ilipita miaka 23. Tarehe 29 Julai 1912, Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, ndio waliofika juu ya Mawenzi kwa mara ya kwanza ijulikanayo katika maandishi. Katika safari iyo hiyo walikipanda pia Kibo kwa upande wa magharibi, ambao hakuna aliyekuwa ameupanda kabla yao. Klute alikuwa mwanajiografia, na alipima mlima mzima kwa picha alizozipiga kutoka sehemu mbalimbali, kisha akachora ramani ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha kulinganishia barafu ya Kilimanjaro. Tunaposema kwamba mwaka 1912 barafu ya mlima huu ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi, na kwamba kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2, ile tarakimu ya kwanza inatokana na kazi ya mtu huyo. Kila mara gazeti lako linapoandika kuhusu kuyeyuka kwa theluji ya Kibo, linategemea ramani ya mtu aliyekuwa wa kwanza kukifikia kilele cha Mawenzi, bila ya msomaji kuambiwa hivyo. Mimi binafsi nilifundisha miaka kadhaa kabla sijatambua uhusiano huo, na ningefurahi kama mwalimu kijana aliyeko kazini leo angeupata gazetini mapema kuliko nilivyoupata mimi.

Lipo jambo la majina ambalo linanigusa zaidi. Oehler na Klute waliiita ncha ya juu ya Mawenzi kwa jina la Hans Meyer, yaani mtu ambaye ncha hiyo ilimshinda. Ncha nyingine inaitwa Purtscheller, naye alishindwa pamoja naye. Nyingine zinaitwa Borchers, Klute, Latham na Londt, na moja ina jina la Kijerumani lenye maana ya pembe ya kaskazini tu. Kilele cha Kibo kilikuwa na jina la mfalme wa Ujerumani, lakini usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na kuwasha Mwenge juu yake, na tangu hapo kilele hicho ni Uhuru. Mawenzi hakikupandishiwa kitu. Mpaka leo hakuna ncha hata moja kati ya hizo yenye jina la mtu aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima wenyewe.

Sisemi majina ya wageni hao yafutwe, maana walipanda kweli au walijaribu kweli, na aliyejaribu Mawenzi kwa viatu na kamba za mwaka 1889 anastahili kukumbukwa. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyebeba hema lake mwenyewe. Mizigo yao ilipandishwa na wapagazi, wengi wao wakiwa wamevaa nguo za tambarare katika baridi ya mita elfu nne. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka 100 ya kupandwa kwa Kibo, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa hadharani kuwa mmoja wa waliomwongoza Meyer, baada ya kuishi karibu maisha yake yote akiongoza watu mlimani. Wengine hatuwaimbi. Wapagazi wa siku hizi, ambao wenyewe hujiita wagumu, bado wanapita na vifurushi kichwani mbele ya Mawenzi kila siku ya msimu, na nadhani wanastahili kujua kwamba ncha zile wanazozitazama hazikupewa majina na Mungu, kwa hiyo zinaweza pia kupokea mengine. Ncha ndogo isiyo na jina ikiitwa Lauwo, hakuna ramani itakayoharibika.

Kuhusu hali ya leo, sitaki wanafunzi wasome barua hii wakadhani wanaweza kwenda likizo kukipanda Mawenzi. Wageni wa njia ya Rongai hulala kando ya ziwa dogo la Mawenzi, kwenye mwinuko wa mita 4,300 na kitu, magenge yakiwa juu ya vichwa vyao, na wageni wa Marangu wanaolala siku mbili kwenye kambi ya Horombo hupelekwa hadi kwenye mawe yenye mistari kama ya pundamilia ili miili yao izoee hewa, kisha wakarudi. Hakuna njia ya kutembea ya kwenda juu. Mawe ya pale yameoza, kama wanavyosema waongoza wageni. Kinachoyashika ni baridi, na kwa hiyo wachache wanaothubutu huanza usiku ili wawe wameshayapita makorongo kabla jua halijalegeza barafu iliyomo kwenye nyufa. Mlima ukizidi kupata joto, gundi hiyo inapungua. Mwaka 1912 kulikuwa na vipande vya barafu ya kudumu kwenye makorongo ya Mawenzi. Leo hakuna barafu ya kudumu ya kusemwa, isipokuwa theluji ya msimu inayokuja na kuondoka. Wakati dunia nzima inahesabu barafu ya Kibo kila mwaka, ile ya Mawenzi iliisha kimya kimya, bila habari yoyote ukurasa wa mbele.

Kwa hayo yote naleta maombi matatu, Ndugu Mhariri. La kwanza, masahihisho yachapishwe katika ukurasa ule ule wa wanafunzi, si katika kona ya barua ambayo watoto hawaisomi, yakieleza kwamba Kilimanjaro kina volkano tatu, Shira, Kibo na Mawenzi, pamoja na urefu wa kila moja: Shira mita 4,005 ukingoni, Kibo mita 5,895, Mawenzi mita 5,149. La pili, mkichora ramani, ionyesheni Tandiko katikati ya vilele viwili, kwa kuwa mwanafunzi akiliona hilo hatahitaji kuambiwa tena kwamba Mawenzi si kilima. La tatu, mwandishi wenu atumwe Rombo. Picha zote za mlima mnazochapisha zimepigwa kutoka Moshi, kutoka Amboseli au kutoka angani. Aje mwezi Januari au Februari, alale Mashati au Mkuu, aamke saa kumi na moja na nusu kabla ya mawingu, asimame penye uwazi na kutazama juu. Jua linapotoka upande wa Tsavo, mwanga wake hupiga kwanza ncha za Mawenzi, zikageuka nyekundu moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini, na kwa dakika kama kumi unaweza kuhesabu kila ukuta na kila korongo ambalo Purtscheller alilijaribu. Akikosa mwenyeji, mimi nitampokea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Rombo, Kilimanjaro